Mkono aliouficha nyuma: kisa cha mwanachuo wa elimu ya viungo katika skuli moja ya Pemba

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimetokea Pemba. Nimeondoa jina la skuli, la chuo, la kijiji na la kila mtu. Umri wa mtoto nimeusogeza kidogo, na baadhi ya mambo ya nyumbani kwake nimeyaacha. Bibi yake alisomewa maandishi haya kabla hayajatoka, akaridhia. Mimi ndiye mkufunzi niliyemkagua mwanachuo huyu katika mazoezi yake ya kufundisha, kwa hiyo sehemu ya makosa ni yangu na nitayataja yanapofika mahala pake. Nawaandikia wanachuo wanaosomea kufundisha elimu ya viungo katika madarasa yenye wanafunzi wenye mahitaji maalum, pamoja na wakufunzi wenzangu tunaowapeleka huko.

Usuli

Mwalimu R. alikuwa mwaka wake wa mwisho katika chuo kimoja cha Unguja. Kwao ni Mjini, na Pemba hakuwahi kufika kabla ya boti iliyomshusha bandari ya Mkoani kwenda kuanza wiki zake nane za mazoezi. Alikuwa hodari. Somo la mahitaji maalum alilifaulu vizuri sana. Angeweza kukueleza aina za mtindio wa ubongo (ulemavu wa misuli na mwendo unaotokana na ubongo kuumia mapema), tofauti ya uziwi na usikivu hafifu, kwa nini mtoto mwenye ualbino asikimbizwe juani saa sita mchana, na kwa nini mtoto mwenye sindromu ya Down asibingirishwe kichwa chini kabla daktari hajaiangalia shingo yake. Aliijua kwa moyo ibara ya 30 ya Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, pale inapotaka watoto wenye ulemavu wapate nafasi sawa na wenzao katika michezo, ikiwemo michezo ya skuli.

Yote hayo aliyapata ubaoni na kwenye makaratasi. Katika miaka yake yote ya chuo hakupewa hata saa moja ya kumchezesha mtoto mwenye ulemavu huku mkufunzi akimtazama. Si yeye peke yake; ndivyo tulivyokuwa tukiwafundisha wote.

Skuli aliyopelekwa ipo juu ya mwinuko, kama zilivyo nyingi Pemba, na uwanja wake umeinama kuelekea bonde la mpunga. Udongo ni mwekundu, na mvua ikinyesha unateleza. Alipewa darasa la nne, wanafunzi 52, vipindi viwili vya elimu ya viungo kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Vifaa vilikuwa mpira mmoja wa miguu, mpira mmoja wa tenisi na pete mbili zilizopindwa kwa bomba la maji.

Wanafunzi waliotambuliwa kuwa na mahitaji maalum walikuwa watatu. Mmoja alihama wiki ya pili. Waliobaki ni K., mvulana wa miaka 11, na msichana mwenye usikivu hafifu ambaye nitamwita M.

K. ana udhaifu wa upande mzima wa kulia. Mkono umekunjika kwenye kiwiko na vidole vimefumba juu ya dole gumba. Mguu wa kulia anautembelea kwa ncha. Ukitaka kujua mwendo wake, zitazame ndara zake: ya kushoto imelika sawasawa, ya kulia imetoboka mbele na kisiginoni bado ni mpya. Kichwa chake ni chepesi, na Hisabati anawapita wengi wa darasa lile.

Wiki ya kwanza: upimaji

Mwalimu R. alianza kama tulivyomfundisha, kwa upimaji wa awali: kukimbia, kuruka, kurusha, kudaka. Kwenye kurusha, kila mtoto alitakiwa kuutia mpira wa tenisi ndani ya pete iliyolazwa mita tano mbele yake.

Zamu ya K. ilipofika, aliupachika mpira katika kiganja cha kulia kwa kuubana na paja. Akanyanyua bega zima, na mpira ukadondoka mguuni mwake. Akarudia, ukadondoka tena. Wawili katika mstari wakacheka, R. akawanyamazisha. Muda wote huo mkono wa kushoto ulikuwa nyuma ya mgongo, umeshika ukingo wa shati.

Kwenye fomu R. aliandika: "Kurusha: hawezi."

Kipindi kilichofuata K. alipewa kazi ya kukaa chini ya mwembe, kulinda viatu vya wenzake na kuhesabu magoli. Katika andalio la somo, kwenye safu ya mahitaji maalum, R. akamwita "mwamuzi msaidizi". Nilipofika kwa ukaguzi wa kwanza niliisoma safu ile, nikatia alama ya vema na kuandika pembeni, "Vizuri, umemshirikisha." Wala sikugeuka kuutazama mwembe. Hilo ndilo kosa langu la kwanza katika kisa hiki, na sikulijua kwa siku sita.

Wiki ya pili: saa na mkungu

Ukaguzi wa pili nilikwenda na saa. Nilitaka kujua jambo moja tu: katika dakika 40, K. anacheza dakika ngapi? Kutoka darasani hadi mwembeni, kurudi, na mara moja kuokota mpira uliotoka nje: dakika nne.

Ili nipate cha kulinganisha, nilimpima pia msichana mwenye afya yake aliyekuwa katikati ya mstari. Nilitarajia dakika 20 na zaidi. Nikapata sita. Watoto 52 na mpira mmoja, kila mmoja anangoja zamu yake, anapiga mara moja, anarudi nyuma ya mstari. Kumbe kipindi kile hakikuwa kikimchezesha mtu. K. alikuwa amekaa chini ya kivuli, wenzake wamesimama juani, na tofauti yao ilikuwa ni dakika mbili.

Hilo tulilizungumza baada ya kipindi, na R. alilipokea vizuri. Lakini kilichokigeuza kisa chote nilikiona njiani wakati nakwenda kupanda gari. Nyuma ya skuli pana mkungu mkubwa, na watoto wa zamu ya asubuhi walikuwa wakitungua kungu kwa mawe. K. alikuwemo. Akaokota jiwe kwa mkono wa kushoto, akajiegemeza kwenye mguu mzima, akarusha. Kungu mbili zikaanguka. Wenzake hawakushangaa hata kidogo, bali walimpa jiwe jingine.

Nikarudi skuli, gari likaniacha. Nilimwambia R. nilichokiona, na nikamwomba asimwite K. mbele ya watu. Kesho yake, wakati wa mapumziko, alimwuliza wakiwa wawili tu, kwa nini siku ya upimaji hakurusha kwa kushoto.

"Kushoto si adabu, mwalimu."

Barazani

Anayemlea K. ni bibi yake. R. alikwenda alasiri, amefuatana na mwalimu wa darasa ambaye ni mtu wa kijiji kile. Alifanya vyema, kwani mgeni kumwendea mtu mzima na maneno juu ya mjukuu wake bila ya mwenyeji huonekana amekuja kumsuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Wakaulizana hali, habari za Unguja na za mvua, mpaka bibi mwenyewe akauliza mjukuu wake kafanya nini huko skuli. R. akasema hakufanya kosa lolote. Yeye ndiye amekuja kujifunza, maana bibi anamjua mtoto zaidi ya mwalimu yeyote. Akauliza kuhusu mikono yake.

Bibi alikaa kimya kidogo. "Ule wa kushoto nimeufunga mie," akasema. "Alikuwa na miezi minane, akashikwa na homa na degedege usiku kucha. Kulipokucha, mkono huu wa kulia umelala. Alipoanza kula mwenyewe akawa anatia kushoto tu. Nikaufunga kwa kipande cha kanga, kila siku wakati wa chakula, nikitaka wa kulia uamke. Na asije akaadhirika mbele za watu, ati mtoto hakufunzwa."

R. aliniambia alikwenda na maneno yake tayari ya kumweleza bibi, yote yakamwishia kooni. Na mimi nasema bibi yule hakuwa mbali na wataalamu. Ipo tiba ya viungo ambayo mkono mzima huzuiwa kwa saa maalumu ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Tofauti ni kwamba tiba ile ina kipimo, ina mazoezi ya hatua kwa hatua na ina mtaalamu anayesimamia. Bibi alikuwa na kanga na mapenzi yake, akafanya alilolijua.

R. aliuliza pia mambo ambayo mwalimu wa viungo lazima ayaulize kwa mtoto wa aina hii: degedege limerudi lini mara ya mwisho, anatumia dawa gani, mguu unamuuma akikimbia, amewahi kuanguka akapoteza fahamu? Mara ya mwisho ilikuwa akiwa na miaka mitano. Dawa hana. Mguu unauma akitembea mbali.

Juu ya kurusha kwa kushoto, bibi hakukataa wala hakukubali. "Muulizeni maalim wake wa chuoni," akasema, akimaanisha chuo cha Qur-ani anachosoma K. jioni. Wakenda. Maalim aliisoma aya ya 61 ya Suratun-Nuur, inayoanza kwa kumwondolea lawama kipofu, kiguru na mgonjwa. Akasema kula na kumpa mtu kitu ajitahidi kwa kulia, na akishindwa ana udhuru. Kurusha mpira si kumpa mtu kitu. Akaongeza kuwa atamwambia K. yeye mwenyewe. Akamwambia jioni ile ile.

Mchezo wa kifuu

Kutoka wiki ya nne R. alibadilisha kipindi kizima. Chuoni alisoma habari za boccia, mchezo uliobuniwa kwa ajili ya watu wenye mtindio wa ubongo na ulioingia katika Michezo ya Paralimpiki mwaka 1984. Wachezaji hukaa; kila upande una mipira sita, myekundu au ya buluu, na mpira mmoja mweupe ndio shabaha. Atakayeisogeza mipira yake karibu zaidi na mweupe ndiye anayepata. Uwanja ni mita 12.5 kwa 6, na mpira una uzito wa gramu 275.

Mipira ya namna hiyo hatuna. Watoto walileta vipande vya kanga zilizochakaa, wakashona vifuko, wakajaza mchanga. R. alikwenda na kifuko cha kwanza dukani, akamwomba mwenye duka ampimie kwenye mizani: robo kilo na kidogo. Kikawa ndicho kipimo cha vingine vyote. Walishona 26, kimoja kwa watoto wawili. Badala ya mpira mweupe waliweka kifuu cha nazi kilichopakwa chokaa, na mipaka wakaitandika kwa kamba ya usumba, kwa sababu mstari wa chokaa mvua ya kwanza inaukosha. Darasa likagawanywa makundi manane yanayocheza kwa wakati mmoja. Watoto wenyewe ndio walioupa jina: mchezo wa kifuu.

Siku ya kwanza R. aliweka sharti kuwa mzunguko wa mwanzo kila mtu arushe kwa mkono wa kushoto.

K. alisimama nyuma ya kamba, kifuko kimo mkononi mwa kushoto, na hakurusha. Alimtazama R., kisha akageuka kutazama barabarani, kama anayehofia kuonekana na mtu. R. hakusema neno. Alichukua kifuko chake kwa kushoto, akarusha, kikaenda kombo kikagonga shina la mwembe. Watoto wakacheka, na K. naye akacheka. Halafu akarusha. Kifuko kilitua, kikajiburura kidogo kwenye vumbi jekundu, kikasimama vidole viwili kutoka kwenye kifuu.

Maamuzi na sababu zake

Njia ya mkato ilikuwepo. R. angeweza kumwambia K., "Mimi mwalimu wako nakuruhusu, rusha kwa kushoto," na mtoto angetii. Tulijadiliana kwa simu karibu saa nzima. Uamuzi wa kwenda kwanza kwa bibi na maalim ulikuwa wa R., na ulikuwa sahihi. Ruhusa ya mwalimu inaishia getini. Mtoto angebaki na adabu mbili zinazogombana, ya skuli na ya nyumbani, na katika ugomvi huo anayeumia ni yeye.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi: tukiuruhusu mkono wa kushoto, wa kulia tuuache? R. alitaka kuuacha, kwa furaha ya kumwona mtoto anacheza. Nilimpinga. Mkono dhaifu usiotumika huzidi kukaza, na juhudi ya bibi ya miaka yote ile ilikuwa na maana. Tukakubaliana kushoto kuwe kwa kurusha, na kulia kuwe mkono msaidizi: kuukumbatia mpira mkubwa kwa mikono miwili, kukandamiza kifuko wakati wa kushona, kusukuma mpira chini. Zaidi ya hapo tulisimama. Kunyoosha kiungo kilichokaza ni kazi ya mtaalamu wa tiba ya viungo, na R. alimwandikia bibi barua ya kwenda nayo hospitali. Mwalimu wa michezo asiyejua mpaka wake anaweza kumuumiza mtoto kwa nia njema kabisa.

Kwa sababu ya historia ya degedege, K. aliondolewa katika kupanda na katika michezo ya majini, ingawa pwani ipo karibu na darasa lilikuwa na hamu ya kwenda. Alicheza peku kwenye sehemu iliyofagiwa, maana ndara ya kulia ilikuwa inamvuka kila hatua na mguu wake hauwezi kuikamata.

Filimbi iliachwa. Hili R. aliligundua mwenyewe: kila ilipolia, mkono wa kulia wa K. ulijikunja ghafla na mwili wote ukakakamaa, na kurusha kwake kukaharibika. Kwa watu wenye misuli iliyokaza hilo ni la kawaida. Kelele ya ghafla, haraka na hofu huzidisha mkazo. Akatumia kupiga makofi taratibu, kwa kuhesabu.

Sharti la kila mtu kurusha kwa kushoto nalisifu, lakini nilimwomba alitumie siku ile tu. Lilifungua mlango. Lingeendelea, lingekuwa mchezo wa kumpa K. ushindi, na watoto wanalijua hilo upesi kuliko sisi. Mzunguko wa pili kila mmoja alirusha kwa mkono wake, na K. akawa mchezaji wa wastani katika kundi lake, akishinda na kushindwa.

Matokeo

Wiki ya saba nilikwenda tena na saa. K. alicheza dakika 21 kati ya 40. Yule msichana wa katikati ya mstari alicheza 23. Fomu ya upimaji sasa ilisema: "Kurusha kwa kushoto: anafikisha shabaha mita tano, mara nne kati ya sita. Kulia: anakumbatia mpira mkubwa akisaidiwa na kushoto."

Bibi alikwenda na barua hospitali, na K. amepewa mazoezi ya kufanya nyumbani. Kitambaa cha kanga hakifungwi tena. R. amefaulu mazoezi yake.

Muhula uliofuata vipindi viwili vya elimu ya viungo vya darasa lile vilichukuliwa na Hisabati, kwa ajili ya mitihani. Mchezo wa kifuu haupo tena kwenye ratiba. Upo kwenye mapumziko, kwa vifuko vilivyobaki, na nilimkuta K. anagombana na mwenzake kama kifuko cha nani kiko karibu. Walikipima kwa unyasi.

Uchambuzi

Neno "hawezi" kwenye fomu yetu lilikuwa limebeba mambo matatu yasiyofanana: mwili hauwezi, hajafundishwa, na hajaruhusiwa. Tiba ya kila moja ni nyingine. K. alikuwa wa tatu, na sisi tukamwandika wa kwanza. Fomu haikuwa na mahala pa kuuliza.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki. R. hakukosea kwa kutojua, ila elimu aliyokuwa nayo ilimfunga macho. Alijua kuwa mtoto mwenye udhaifu wa upande mmoja ana mkono dhaifu, akautazama mkono dhaifu, akaona alichotarajia kukiona, akaandika. Mkono mzima uliokuwa nyuma ya shati hakuna aliyeuuliza unafanya nini huko. Mimi niliuona na nikadhani anajisaidia kusimama sawa. Mtu asiyejua hata jina la ulemavu ule, kama wale watoto wa mkungu, alikuwa anamjua K. vizuri zaidi yetu.

Kilichofanikiwa ni kubadilisha mchezo bila kumtenga mtoto. Chuoni tunawafundisha kugeuza mambo manne: nafasi, kazi, vifaa na watu. R. aligeuza yote, lakini kubwa lilikuwa makundi manane na vifuko 26, kwani hayo yalimfaa kila mtoto. Laiti tungefikiria "tumfanyie nini K." peke yake, tungempa mpira wake laini pembeni, na wenzake wote wangebaki kwenye mstari.

Jambo la watu ndilo lililotukwamisha kwanza. R. alimteua rafiki mmoja wa kumsaidia K. Kijana yule alikuwa na moyo mwema mno: alimshika mkono, akamwokotea vifuko, akamjibia akiulizwa. Baada ya vipindi viwili K. hakuwa na la kufanya isipokuwa kurusha. Msaidizi akawa wa zamu, na kazi yake ikatajwa kwa maneno: kushika bega kwenye mteremko tu.

Mchezo wa nage nao ulituonyesha kitu. Katika nage mtu hukaa kati, wawili wanamlenga kwa mpira kutoka pande mbili, naye anakwepa. K. kwa mguu wake alikuwa anapigwa mara ya kwanza tu. R. akampa nafasi tatu za kupigwa, wengine moja. K. akakataa. "Nitolewe kama wenzangu." R. akaiondoa kanuni ile siku hiyo hiyo, akawarudisha nyuma hatua tatu warushaji wote kwa kila atakayekaa kati, na akaruhusu kukaa wawili wawili. Hapo K. akacheza. Huruma iliyoandikwa kuwa kanuni ya mtoto mmoja ilimfedhehesha. Nafasi iliyopanuliwa kwa wote haikumgusa heshima yake. Tungemuuliza kabla, tusingefanya kosa hilo, na hii ilikuwa mara ya pili.

Chuo chetu kinabeba sehemu kubwa. Kumfaulisha mwanachuo katika somo la mahitaji maalum bila kumweka uwanjani na mtoto hata siku moja ni kumpeleka kujifunzia kwa mtoto wa watu. Nimelisema hili kwenye kikao cha idara na naendelea kulisema. Fomu yangu ya ukaguzi nimeibadilisha: ina safu ya dakika alizocheza kila mtoto aliyetajwa, na mbele ya neno "hawezi" mwanachuo lazima aandike amemuuliza nani.

Na kuna M. Jina lake lilikuwemo kwenye andalio la kila somo. Hakulia, hakuanguka, hakukataa kitu. Alikuwa anaangalia mwenzake wa mbele kisha anafuata, daima amechelewa kidogo, na kila mchezo wa mbio alikuwa wa mwisho. Sote tulidhani ni mzito wa miguu. Nilipoyapitia maandishi yangu ya kaguzi tatu nikakuta nimeandika kurasa tano juu ya K. na juu ya M. mstari mmoja: "Anafuata vizuri." Filimbi tuliiondoa kwa ajili ya K., tukaweka makofi, na makofi M. hayasikii hata kidogo. Filimbi angalau ilikuwa inamfikia kwa mbali. Tulimtengenezea mmoja kwa kumharibia mwingine, na hatukuliona kwa wiki nne.

R. ndiye aliyeliona, katika kipindi chake cha mwisho. Alipasua kitambaa chekundu, akasimama mbele ya mstari ambapo kila mtoto anamwona, akakishusha badala ya kupiga makofi. M. akaanza mbio pamoja na wenzake, na akamaliza wa tatu. Siku mbili baadaye R. alipanda boti Mkoani kurudi Unguja.

Nilipofika muhula uliofuata niliuliza kitambaa kiko wapi. Kilikuwa kinafutia ubao. Mwanachuo mwingine anapelekwa skuli ile mwezi ujao, na nimeshamkutanisha na R.; la kwanza walilozungumza, kwa ombi langu, ni M.